Tambi za Asia katika jiko la Bunia

Ukiwa Bunia na unatamani tambi za Asia, usiulize kwanza mkahawa uko wapi. Uliza tambi hizo zimetengenezwa kwa unga gani. Swali hilo litakusaidia kuliko jina la pakiti, picha ya bakuli iliyochapwa juu yake au nchi ilikotoka. Tambi za ngano zina tabia yake, za mchele zina yake, na zile za wanga wa choroko au wa viazi vitamu zina yake pia. Ukiijua tabia hiyo, utajua kama ni za kuchemshwa au za kulowekwa, kama zinafaa mchuzi au kikaango, na zisipopatikana utajua nini kishike nafasi yake.

Wengi hudhani tambi ni ngano tu. Mwaka 2005 watafiti wa China walitangaza katika jarida la Nature kwamba bakuli lililofukuliwa Lajia, mkoani Qinghai, lilikuwa na tambi za miaka 4,000 hivi, nyembamba na ndefu, na kwamba unga wake ulitoka kwenye nafaka ndogo za jamii ya ulezi na uwele. Tangu zamani watu wa Asia walitengeneza tambi kwa kile kilichokuwa karibu nao: ngano kaskazini mwa China, mchele kusini mwake na huko Vietnam na Thailand. Korea leo inajivunia tambi za wanga wa viazi vitamu. Kwa hiyo mpishi wa hapa kwetu Ituri anayetumia kilichopo sokoni kwake hapungukiwi na kitu. Anafanya kama walivyofanya wenyewe.

Na sokoni kwetu kuna mengi. Samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert, mifupa ya ng'ombe, kuku wa kijijini, karanga, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, shu, lenga-lenga, matembele, ndimu, na makala ya kuchomea. Karibu kila kinachoingia kwenye bakuli zuri la tambi kinapatikana Bunia. Kinachosumbua ni tambi zenyewe, na hapo ndipo tutakaa zaidi.

KUSOMA PAKITI

Sehemu kubwa ya bidhaa za dukani hufika Bunia kutoka Uganda, kwa njia ya Goli na Mahagi. Ndiyo maana pakiti nyingi zimeandikwa Kiingereza, nyingine Kifaransa, nyingine Kichina au Kiarabu. Usiogope. Geuza pakiti, tafuta orodha ya viungo, na usome neno la kwanza, kwa kuwa kwa kawaida kiungo kinachozidi vingine hutangulia. Blé ni ngano. Riz ni mchele. Haricot mungo ni choroko, na patate douce ni kiazi kitamu. Ukiona amidon au fécule, ni wanga.

Pakiti ikiwa ya Kichina tupu, jifunze herufi mbili. Ile inayoandikwa 面 huwekwa kwenye tambi za ngano, na ile ya 粉 huwekwa kwenye tambi za mchele au za wanga. Ukiiona 米 mbele ya 粉, ni mchele bila shaka.

Macho na vidole navyo vinasoma. Tambi za ngano zina rangi ya maziwa au ya manjano, na mwanga haupenyi. Za mchele ni nyeupe, kavu, na huvunjika kirahisi ukizikunja. Za wanga hung'aa kama uzi wa nailoni, mwanga unapenya, na ni ngumu hata kuzikata kwa mkono huwezi. Ukikuta hizo za mwisho, usikubali mtu akuambie ni za mchele, kwa maana zinapikwa tofauti kabisa.

Kuna mambo mengine ya kuangalia kabla hujalipa. Tambi za haraka karibu zote zimekaangwa kwa mafuta kiwandani, na mafuta huchacha. Soma tarehe ya mwisho. Kisha nusa pakiti, hasa kama duka linapanga tambi karibu na sabuni, mafuta ya taa au dawa ya wadudu. Tambi hunyonya harufu hata kupitia plastiki, na harufu hiyo haitoki kwa kuchemsha. Kwa Mwislamu, na kwa Mwadventista pia, tafuta alama ya halali au angalau hakikisha hakuna neno porc wala herufi 猪, maana unga wa viungo wa baadhi ya pakiti za Asia Mashariki huwa na kitu kilichotokana na nguruwe. Pakiti zilizotengenezwa Indonesia mara nyingi hubeba alama ya halali.

Halafu linganisha bei kwa uzito. Pakiti ndogo ya tambi za haraka huwa na gramu 70 hivi. Pakiti ya spageti huwa na gramu 500. Weka pakiti saba ndogo kando ya moja ya spageti, piga hesabu ya faranga, na utaona ni kipi unalipia: tambi, au kile kifuko cha unga wa viungo.

TAMBI ZA HARAKA

Hizi ndizo utakazozikuta kwanza, katika kila alimentasyon na hata kwenye vibanda vidogo vya mitaani, na watoto wa Bunia wanazijua kwa jina la Indomie hata pakiti ikiwa na jina jingine. Indomie yenyewe ni ya Indonesia, tangu mwaka 1972. Lakini mwanzilishi wa tambi za haraka ni Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyeishi Japani. Tarehe 25 Agosti 1958, akiwa na miaka 48, alianza kuuza tambi zilizokwisha kupikwa na kukaangwa. Siri iko kwenye kukaanga: mafuta ya moto hufukuza maji ndani ya tambi na kuacha matundu madogo, na maji ya moto yakimwagwa juu yake huingia tena kwenye matundu yale yale. Japani ilikuwa bado haijasahau njaa ya vita, naye alitaka chakula kinachokaa muda mrefu, kinachopikika upesi na kisichohitaji jiko kubwa. Mtu aliyewahi kuhama nyumba yake usiku, na Ituri tuna wengi mno wa namna hiyo, ataelewa bila kufafanuliwa kwa nini chakula hicho kilienea duniani.

Mimi sizidharau. Ila zinahitaji kutengenezwa vizuri zaidi kuliko maelekezo ya pakiti. Tatizo la kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na kifuko kimoja cha viungo kinaweza kubeba nusu ya kiasi hicho au zaidi. Tumia nusu ya kifuko. Nafasi ya nusu iliyobaki ijazwe na tangawizi iliyoparwa, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili mbichi, na matone ya ndimu yanayotiwa mwishoni baada ya kuepua.

Tatizo la pili ni kwamba pakiti peke yake haishibishi mwili. Vunja yai ndani ya maji yanayochemka dakika moja kabla ya kuepua. Tia kiganja cha lenga-lenga. Usidhani unachafua chakula cha wenyewe: Wachina hula majani ya mchicha wa jamii hiyo hiyo, na matembele ni mboga inayopendwa sana Taiwan. Shu iliyokatwa nyembamba nayo inafaa, mradi iive nusu tu na ibaki na mlio mdomoni.

Usivunjevunje tambi kwa mikono kabla ya kuzitia sufuriani. Urefu ni sehemu ya utamu wake, maana tambi ndefu hubeba mchuzi hadi mdomoni. Nchini China tambi ndefu huliwa siku ya kuzaliwa kuombea maisha marefu, na ni mwiko kuzikata.

SPAGETI NA BIKABONATI

Sasa nakuja kwenye njia ninayoipenda kuliko zote kwa mji kama wetu. Spageti ipo Bunia kila mahali. Tambi za manjano za ramen, zile za mchuzi za Wajapani, hazipo. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni magadi. Wachina, na Wajapani baada yao, hutia chumvi za magadi katika unga wa ngano, na magadi hufanya tambi ziwe za manjano, ziteleze, na zivutike jinoni bila kulegea. Unaweza kuiga hali hiyo kwa kutia bikabonati, ile inayotumika kuoka, ndani ya maji ya kuchemshia spageti.

Chukua spageti nyembamba kuliko zote utakazopata. Chemsha maji mengi katika sufuria kubwa, kwa maana yatapanda na kumwagika ukijaza. Kwa kila lita moja na nusu ya maji tia kijiko kikubwa kimoja cha bikabonati, kidogo kidogo, huku povu likitulia. Tia spageti, koroga, na uonje mapema. Maji yatageuka manjano na harufu itabadilika, hiyo ndiyo dalili kwamba kazi inafanyika. Zikiiva zikiwa bado na kiini kigumu kidogo, mwaga maji hayo yote na uzisuuze upesi kwa maji ya moto safi ili ladha ya bikabonati isibaki. Usitumie maji hayo kwenye mchuzi wala sosi.

Neno moja juu ya muda. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ni za watu wa bondeni. Ongeza dakika moja au mbili, na uamini meno yako kuliko saa. Vivyo hivyo kwa yai: dakika sita na nusu za Tokyo ni kama saba na zaidi kidogo kwetu, ukitaka ute uwe umeshika na kiini kiwe bado laini.

KUTENGENEZA MWENYEWE

Anayeweza kukanda mandazi anaweza kutengeneza tambi za ngano. Unga gramu 400, chumvi kijiko kidogo kimoja, maji mililita 160 hadi 180. Hutaamini kwamba maji hayo yanatosha. Yanatosha. Donge la tambi lazima liwe gumu, la kukataa mkono, tofauti na donge la mandazi linalotakiwa kulegea. Kusanya unga, funika kwa kitambaa chenye unyevu, uliache nusu saa. Likiwa limepumzika litakandika lenyewe. Wajapani, wanapotengeneza udon, zile tambi zao nene za ngano, huliweka donge ndani ya mfuko safi na kulikanyaga kwa miguu, na hata watoto wanapenda kazi hiyo. Liache tena saa nzima, lisukume kwa chupa ya kioo hadi liwe bapa, paka unga, kunja mara tatu au nne, kata kwa kisu kikali. Kata nene kama udon au nyembamba kama unavyotaka, ila zilingane, ziive pamoja.

Unga ule wa kuokea mikate ni bora kuliko wa keki, kwa sababu una nguvu ya kuvutika. Ukitaka zile za manjano, oka bikabonati kwanza: itandaze kwenye sinia, iweke katika oveni ya moto wa nyuzi 120 kwa saa moja, nayo itageuka kuwa soda kali zaidi, iliyo karibu na magadi yenyewe. Kijiko kidogo kimoja, kiyeyushwe katika maji ya kukandia, kinatosha gramu 400 za unga. Usiishike kwa mkono wenye maji na uilinde na macho, maana inawasha. Iweke kwenye kichupa chenye jina, mbali na watoto.

MCHELE NA WANGA

Tambi za mchele na za wanga zikikosekana madukani, njia ya uhakika ni msafiri. Mtu wa familia anayeshuka Kampala kwa biashara azitafute katika supamaketi kubwa au maduka ya Waasia. Ni nyepesi, ni kavu, hazihitaji barafu, na pakiti ya gramu 400 hulisha watu wanne au watano. Mwandikie kwenye karatasi kama nilivyoeleza juu, pamoja na zile herufi za Kichina, kwa sababu ukisema tu "tambi" atakuletea spageti.

Wanaoharibu tambi za mchele wengi huziharibu kwa jambo moja: wanazichemsha kama spageti. Zinageuka uji. Zile bapa loweka katika maji ya vuguvugu nusu saa, hadi zikunjike bila kuvunjika lakini zikiwa bado ngumu ukizitafuna, kisha zimalizie kuiva ndani ya kikaango au ndani ya mchuzi wa moto kwa dakika moja au mbili. Zile nyembamba kama nywele mwagia maji ya moto, funika dakika tatu hadi tano, chuja. Kwa kikaango, pika sahani moja au mbili tu kila mara. Ukizijaza zitatoa mvuke, zitashikana, na badala ya kukaangika zitapikika kwa maji yake.

Tambi za wanga wa choroko loweka dakika 15 hadi 20, kisha ziguse kwenye mchuzi tu. Hazina ladha yake, na hiyo ndiyo faida yake, kwani hunywa kila ladha iliyo karibu. Zile za viazi vitamu za Kikorea ndizo zinazotaka kuchemshwa kweli, dakika sita hadi nane, kisha zikaangwe na karoti, vitunguu, uyoga na nyama iliyokatwa nyembamba, kwa mafuta ya ufuta. Mafuta hayo ni ghali na si rahisi kuyapata. Lakini ufuta wenyewe hulimwa sana kaskazini mwa Uganda, huko unakoitwa simsim, na ukikaanga punje zake bila mafuta na kuzitwanga, utapata sehemu kubwa ya harufu ile.

MCHUZI

Hapa Bunia tuna utajiri ambao miji mikubwa ingetuonea wivu. Wajapani na Wakorea hupika mchuzi wa tambi kwa dagaa wakavu. Sisi tuna samaki wadogo wa Ziwa Albert, wale ambao upande wa Uganda huitwa muziri. Wanafanya kazi ile ile.

Nenda sokoni asubuhi. Chagua samaki wakavu kabisa, wenye kung'aa, wasio na unga wa wadudu chini ya beseni. Muulize muuzaji: "Mama, hii samaki ilikaukia kwa jua ao kwa moshi?" Wa jua wanatoa mchuzi mwepesi na safi. Wa moshi wanatoa mchuzi mzito wenye harufu ya kuni, na usiwakatae, kwa kuwa kiungo kikuu cha mchuzi wa Japani, katsuobushi, nacho ni samaki aliyekaushwa kwa moshi. Mimi huchanganya, wa jua wengi na wa moshi kidogo.

Kwa lita moja ya maji chukua samaki gramu 30 hadi 40. Ondoa vichwa na matumbo, hapo ndipo uchungu ulipo. Wakaange bila mafuta dakika mbili au tatu hadi wanukie. Waloweke katika maji baridi nusu saa, kisha uwashe moto mdogo. Maji yakikaribia kuchemka, yaache hapo hapo dakika kumi, yasitokote. Chuja. Ukiacha yachemke kwa nguvu, mchuzi utakuwa mchungu na wenye ukungu. Kazi yote haifiki saa moja na nusu, na sehemu yake kubwa ni kuloweka, ambako hakuna makala yanayoungua. Kwa bei ya makala, hilo ni jambo la kuhesabu.

Mchuzi wa mifupa ya ng'ombe ni wa siku ya wageni. Chukua kilo mbili za mifupa yenye uboho, ichemshe dakika kumi, mwaga maji ya kwanza pamoja na povu lake chafu, osha, kisha anza upya kwa lita nne za maji. Huku ikichemka, fanya jambo ambalo wapishi wa pho, tambi za mchuzi za Vietnam, hawaachi kamwe: choma tangawizi nzima na vitunguu viwili, pamoja na maganda yake, moja kwa moja juu ya makala ya mbabula hadi viwe vyeusi nje na vitamu ndani. Kwangua weusi, vitie sufuriani pamoja na kipande cha mdalasini na karafuu tatu nne. Acha kwa moto mdogo saa tano au sita. Wapishi wa nchi zenye gesi na umeme huhangaika kupata harufu hiyo ya makala, nasi tunayo tayari.

Kuhusu chumvi, fuata desturi ya Japani: usitie chumvi kwenye sufuria. Weka kikolezo chini ya bakuli la kila mtu, iwe sosi ya soya au chumvi na kitunguu saumu kilichokaangwa, kisha mwaga mchuzi wa moto juu yake, kisha tambi. Kila mlaji hupata chumvi anayoiweza, na mchuzi uliobaki hauharibiki kwa kukolea kesho yake.

KARANGA

Siku usiyo na nafasi ya mchuzi, tumia karanga. Indonesia na Malaysia hupenda sosi ya karanga, na Sichuan nchini China wana tambi za dandan zinazochanganywa na ufuta au karanga pamoja na pilipili kali. Karanga za kusaga gramu 150, punje tatu za kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, sukari kijiko kidogo, chumvi au sosi ya soya, maji ya ndimu moja. Legeza kwa maji ya moto yaliyochemshia tambi (si yale ya bikabonati), hadi sosi idondoke polepole kutoka kijikoni. Inatosha watu wanne. Karanga ziwe mpya, na uzichambue kabla ya kukaanga. Yoyote yenye ukungu itupe, kwa sababu sumu ya ukungu wa karanga haiuawi na moto wa jikoni.

Mafuta ya ngazi nayaheshimu katika sombe na maharage. Kwa tambi hizi sishauri, maana ladha yake hufunika tangawizi na ndimu. Tumia mafuta meupe.

TAMBI TAMU

Usisahau kwamba Waswahili wa pwani wana tambi zao tangu zamani. Hukaangwa kwa mafuta au samli hadi ziwe za hudhurungi, kisha hupikwa kwa tui la nazi, sukari na iliki, hasa Ramadhani na Idi. Bangladesh na Pakistan nao hupika zao za Idi kwa maziwa, na bila shaka askari wa Bangladesh waliokuja Ituri na Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2003 wanaijua vizuri ile waiitayo shemai. Kwetu nazi ni ghali, maziwa yapo. Vermiseli ya kawaida ya dukani inatosha: gramu 200, kaanga kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha, tia nusu lita ya maziwa ya moto, sukari kwa kiasi chako, iliki nne zilizopondwa. Moto ukizidi zitaungua upande mmoja na kubaki mbichi upande mwingine, kwa hiyo usiondoke jikoni.

KULA NA KUTUNZA

Tambi hazisubiri. Waite watu mezani kabla hujazitia majini. Vijiti si lazima. Thailand kwenyewe watu hula vyakula vingi kwa uma na kijiko, na huchukua vijiti hasa kwa tambi za mchuzi. Kwa mchuzi wa moto, vuta tambi pamoja na hewa. Japani sauti hiyo haimkeri mtu, na hewa hiyo hupoza tambi na kupandisha harufu puani.

Pika za kuliwa siku hiyo. Tambi zilizopikwa zikilala nje usiku kwenye joto huzalisha vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata ukipasha moto upya, na umeme wa mji wetu hauwezi kuahidi friji inayopoza hadi asubuhi. Zilizo kavu zitunze kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jua na mbali na sabuni.

Ukiwa unaanza, anza wikendi hii kwa spageti ya bikabonati, mchuzi wa samaki wadogo, yai moja na lenga-lenga. Vyote utavipata Bunia bila kuagiza kitu. Ukizipenda, zungumza na mwenye alimentasyon unayonunua kwake kila siku. Mwombe katika safari ijayo ya mzigo aongeze katoni moja ya tambi za mchele, na umtajie majina ya jirani wawili watatu watakaozinunua pamoja nawe. Mfanyabiashara hubeba anachojua kitatoka.